Ngumi

Mkono wangu wa kushoto uliondoka mwezi wa Februari,
saa nne na robo asubuhi, katika msitu wa Puolanka.
Msumeno haukuomba radhi.
Theluji ilikunywa kilichomwagika.
Kiwiko kilibaki. Kuanzia hapo, hewa.

Lakini hewa hiyo, bwana, ina vidole vitano,
navyo vimekunjwa ngumi tangu siku ile,
kucha zimezama kiganjani,
na kila usiku naamka kukanda, kukuna, kukunjua
kitu ambacho shuka hupita katikati yake.
Mke wangu Tellervo aliacha kuniuliza panauma wapi.
Nikimwonyesha, ninaonyesha godoro.

Hospitali ya Oulu, ghorofa ya pili, Alhamisi.
Binti anaitwa Saimi, ana mafua,
anapigia chafya kwenye kiwiko chake cha kushoto
(nikauonea wivu mkono unaofuata).
Ameshika dude jeusi lenye mikanda,
kama barakoa ya mchomelea vyuma
iliyosahauliwa kutobolewa dirisha.
"Miwani ya uhalisia pepe," akasema.
Pepe! Nikacheka. Shambani kwa baba,
shayiri pepe ndiyo iliyojaza gunia isijaze tumbo.

Alinieleza kama mtu afundishaye kufunga kamba za viatu:
ndani mna lenzi mbili, nyuma ya kila moja picha yake.
Jicho hili hupewa chumba,
na jicho hili chumba kilekile,
kilichotazamwa kutoka vidole vitatu pembeni.
Ubongo haupendi ugomvi, huyapatanisha,
na mapatano hayo ndiyo kina.
Ukigeuza shingo kifaa kinajua,
kinaigeuza dunia upande wa pili, upesi,
maana kikichelewa kidogo tu
tumbo hugundua uongo kabla ya macho.
"Ukisikia kichefuchefu, sema. Si aibu."
Akazungusha gurudumu dogo hadi herufi zikaacha kutetemeka,
akakaza mkanda kisogoni,
akaniambia kuna mstari sakafuni, nisiuvuke,
ng'ambo yake kuna kabati.

Giza. Kisha meza.
Meza ya msonobari, ila msonobari wa mtu
ambaye hajawahi kuunusa:
mistari ya mbao inajirudia kila baada ya shibiri.
Nikatafuta kosa jingine, nikalipata.
Dirishani theluji, na hakuna baridi.
Nikainamisha macho.

Mikono miwili.

Sikusema kitu. Sisi watu wa Kainuu
hata nyumba ikiungua hatusemi kitu, tunatafuta ndoo.
Wa kushoto ulikuwa umekunjwa. Ngumi.
Walijuaje? Walikuwa wameniuliza, nikasahau.
"Fungua wa kulia," sauti ya Saimi, kutoka nje ya dunia,
"taratibu."
Nikaufungua wa nyama,
na ule wa mwanga ukaufuata, kidole kwa kidole,
gumba mwisho, kama mlango ulioganda
unapolisalimia bega.

Kucha zikatoka kiganjani.
Miezi kumi na minne. Zikatoka.

Najua ni hila. Nilijua hata nikiwa ndani yake.
Macho yalijua, mimi nilijua,
mkono tu ndio haukuambiwa.

Lenzi zikapata ukungu.
Nikamwambia Saimi kifaa chake kinavuja.
"Vyote huvuja," akasema, akakifuta kwa kitambaa,
akaandika dakika kumi na mbili,
akapiga chafya.

Nyumbani Tellervo akauliza nimeona nini.
Meza, nikasema. Fundi wake hajui kazi.

Usiku ngumi ilirudi, lakini si ile ya jana:
ilikuwa imelegea, pengo la kupitisha kidole kimoja.
Nikamwambia. Akawasha taa,
akanyoosha kidole chake cha shahada juu ya godoro tupu.
Kushoto kidogo, nikasema.
Chini.
Hapo.